Mwaka Niliomteka Mwanahawa

Mwezi uliopita nilimtukana marehemu mbele ya wanawe, na wanawe wakacheka mpaka wakafutana machozi. Alikuwa amelazwa chumbani kwake, huko juu upande wa Kinole, akisubiri kupelekwa makaburini, nami nikasimama uani nikapaza sauti: "Shomari, mvivu wewe! Jua limepanda, wenzio wako shambani, wewe umejilaza na shuka jeupe kama bwana harusi. Amka! Au unangoja Mnyamwezi akubebe?" Wahadhiri wawili vijana, walionisindikiza kutoka mjini kwa kuuheshimu uzee wangu, walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mmoja alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Mama, pole sana, twende tukakae kivulini kidogo." Alidhani uchungu umenipanda kichwani. Uchungu nilikuwa nao kweli, tena mwingi, maana Shomari alikuwa rafiki yangu. Lakini mimi ni Mnyamwezi na yeye alikuwa Mluguru, makabila yetu ni watani, na mtani asiyetukana msibani ni kama hakuja. Wakati wa kurudi vijana wale walitaka niwaeleze nilijuana vipi na mkulima wa mdalasini ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Tulifika stendi ya Msamvu sijafika hata nusu ya habari yenyewe, kwa hiyo naiandika hapa nzima.

Habari za kwetu Tabora nitaziruka, kwa sababu hazina kazi hapa zaidi ya kwamba ni kwetu Tabora. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi kwenye chuo kimoja kilicho chini ya milima ya Uluguru. Nasema ofisi kwa ukarimu tu. Kilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mbegu, na harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi haikutoka ukutani hata tulipopaka chokaa mara mbili. Kulikuwa na meza moja, viti vitatu vya mbao, birika la umeme lililokuwa likipiga shoti, na dirisha lililotazamana na mlima, kiasi kwamba asubuhi za masika ukungu uliingia mpaka juu ya mafaili. Kazi niliyoandikiwa kwenye barua ilikuwa kutunza orodha ya wanafunzi walio katika hatari ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Siku hizi ofisi hiyo ina jengo lake, ina programu na kaulimbiu, na vijana wanaofanya kazi humo wana shahada ambazo sisi hatukujua kama zipo. Nawapenda. Lakini wakianza kunieleza habari za mwanafunzi fulani aliye hatarini, mimi huwauliza swali moja tu: mmeshajua nani kwao mwenye ruhusa ya kumwachia? Hutazamana, wakaona bibi kaanza kuchoka.

Jambo lililonishangaza mapema ni hili. Maji tuliyokunywa chuoni yalitoka mlimani, ndizi na magimbi na mchicha wa mkahawani vilishuka alfajiri vichwani mwa wanawake wa Kiluguru, lakini wanafunzi waliotoka vijiji vya juu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabaki na cha kushikia kalamu. Walikuwa wageni nyumbani kwao. Siku moja, katika mkahawa wa wafanyakazi, niliwasikia walimu wawili waliokaa nyuma yangu wakila vitumbua na chai ya tangawizi. "Hawa wa mlimani, mpe ngoma na ndizi, ametosheka," alisema mmoja. Mwenzake akajibu mdomo umejaa, "Shule si asili yao." Aliyekuwa akiwamiminia chai wakati huo ni Bi Tatu, mpishi, mzaliwa wa mlima huohuo. Aliwamiminia mpaka vikombe vikafurika kwenye visahani, akaenda zake, nami nilianza kumpenda siku hiyo.

Mwanahawa alikuwa mmoja wa hao wachache. Alikuwa mwaka wa kwanza, anasomea kilimo cha bustani, msichana mrefu wa miaka ishirini aliyejifunga mtandio wa bluu na kujibu kila swali kwa neno moja. Jina lake liliingia kwenye orodha yangu baada ya majaribio ya kwanza, nikamwita. "Darasani unaelewa?" "Naelewa." "Mbona alama hazisemi hivyo?" Akajifunga mtandio upya. Nikakumbuka jinsi mhadhiri anavyomaliza somo kwa kuuliza "Tumeelewana?" na ukumbi mzima ukaitika "Tumeelewanaaa!" wakiwemo waliokuwa wamelala. Mwanahawa aliitika na wenzake kwa adabu, kama alivyofunzwa kuwaitikia wakubwa. Kumwambia mtu mzima kwamba hujamwelewa, kwao, ni kumwambia kwamba hajui kusema. Basi nikaacha kumuuliza kama ameelewa. Nikampeleka jikoni kwa Bi Tatu, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia amweleze mama huyu walichosoma leo. Bi Tatu alikuwa anachagua mchele, wala hakuinua kichwa. "Haya nambie, mwanangu, ila Kizungu usiniletee, nina kazi." Somo lilikuwa namna mizizi inavyonyonya chakula udongoni. Mwanahawa akaanza, akakwama, akarudi nyuma. Bi Tatu akauliza, "Sasa mtu akiweka mbolea siku ya mvua kubwa, si inateremka yote mtoni?" Mwanahawa akafungua mdomo kujibu, akaufunga, akalikimbilia daftari. Hiyo ndiyo ikawa dawa yetu. Kila Alhamisi tulikutana pale, na wengine watatu wa orodha yangu wakajiunga, na sharti lilikuwa moja: asipoelewa Bi Tatu, hujaelewa wewe. Tulikula ukoko wa wali kwa mchuzi wa maharage moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, tukibishana kuhusu kutu ya kahawa na funza wa nyanya, na alama za Mwanahawa zikaanza kupanda.

Kisha akapotea. Ilikuwa muhula wa pili, nikaenda bwenini nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri, mwenyewe hayupo. Mwenzake wa chumbani alisema alipigiwa simu, akalia, akaondoka na gari la ndizi. Mjomba wake Kibwana, kaka mkubwa wa mama yake, alikuwa amefariki. Wiki ikapita, ikapita nyingine na nyingine. Akakosa majaribio mawili, na kwa kanuni zetu aliyekosa majaribio haruhusiwi kuingia kwenye mtihani wa mwisho, na asiyeingia kwenye mtihani wa mwisho amedisko. Mlango uliobaki ulikuwa kamati ya rufaa, ambayo ingekaa mara moja tu muhula ule, na mwanafunzi alitakiwa afike mwenyewe.

Nikapanda mlima. Nilikuwa najiamini kwa namna ambayo hata sasa siionei haya. Nilivaa viatu vya ofisini, nikabeba barua yenye mhuri, nikashuka garini barabara ilipoishia na kutembea saa mbili kati ya mikarafuu na mifenesi, nyuma ya watoto wa shule waliofurahia kila nilipoteleza. Nilimkuta baba yake Mwanahawa, Mzee Ramadhani, kibarazani kwake, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, nikaketi, nikaletewa ndizi za nazi na samaki mkavu, nikala, ndipo nikafungua faili. Nilimweleza yote, majaribio na kanuni na kamati. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, mimi nimeridhia," akasema. "Tena nafurahi. Arudi shule." Akatia dole gumba kwenye barua yangu bila kusita. Mwanahawa alinisindikiza mpaka kwenye kijito. Alikuwa amejifunga kaniki, mikono yake ikinuka moshi. "Madam, umeongea na baba peke yake?" akaniuliza. "Ndiyo, na amekubali." Akainama akanawa mikono kijitoni. "Haya," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi nataka kurudi, Madam. Naomba ujue hilo." Nikamwambia tutaonana Jumatatu, nikashuka nikipiga mluzi.

Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Jumatano nikaenda kumwaga hasira zangu jikoni. Bi Tatu aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akacheka mpaka akakaa chini. "Umekwenda kumwomba mtoto kwa baba yake?"

"Nimwombe nani, jirani?"

"We Mnyamwezi, umekula ndizi za watu bure! Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anampenda, anamlisha, lakini ukoo si wake. Mwenye kauli ni mjomba. Mkubwa ndiyo huyo amekufa, sasa kauli iko kwa mdogo wake, Shomari." Akanieleza kwamba nyumba ya Kibwana na mashamba yake ni mali ya ukoo, na kwamba Mwanahawa, mpwa mkubwa wa kike, amewekwa kuilinda nyumba hiyo mpaka arobaini. Tena wauza ndizi walikuwa wamemwambia kwamba Shomari hana nia ya kumwachia hata baada ya hapo. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mzee Ramadhani kwa nini hakunieleza mambo hayo siku ile. Alijibu bila kinyongo, "Uliniuliza kama nimeridhia, nikasema nimeridhia. Hukuniuliza kama inatosha." Nimefanya makosa mengi katika kazi ile, lakini hilo ndilo lililonifundisha kazi yenyewe.

"Basi nakwenda kumwomba huyo Shomari," nikasema.

"Ukimwomba atakunyima," akasema Bi Tatu, sasa hacheki. "Akikupa, watu watasema msiba haujapoa ameshamtoa mtoto wa dada yake kwa watu wa ofisi. Lakini wewe si mtani? Mtani haombi. Mtani anachukua."

Utani wa maneno niliujua tangu utotoni. Nisichokijua ni kwamba katika misiba ya Waluguru mtani anaweza kunyakua chochote akionacho, kuku, jembe, sufuria jikoni, kiti alichokalia mfiwa, na mwenye mali haruhusiwi kukasirika. Anaruhusiwa kukomboa tu. Mtani akiikataa fidia, kitu kinakwenda naye. "Hata mtu?" nikauliza. Bi Tatu akafikiri, akaonja chumvi, akafikiri tena. "Mtu sijaona. Lakini sijasikia aliyekataza."

Arobaini ilikuwa Jumamosi, kamati Jumatatu. Nilipanda na Bi Tatu, safari hii nimevaa ndala. Tulingoja dua imalizike na watu washibe wali na nyama ya mbuzi, kisha nyuma ya jiko Bi Tatu akanifunga gunia kiunoni, akanipaka majivu usoni, akaniwekea ungo kichwani. Nilitokea uani nikilia kilio cha uongo. "Kibwana mjanja! Ameona zamu yake ya kulima imefika, akaona heri afe!" Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Shomari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mtu mfupi mwenye mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nani kamfungulia Mnyamwezi huyu?" akanguruma, na nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza. Nikamsukuma nikakikalia kiti chake. Nikanyakua sufuria, wakaikomboa kwa mkungu wa ndizi. Nikanyakua jembe, wakalikomboa kwa kuku. Kisha nikamfuata Mwanahawa aliyekuwa akikusanya sahani, nikafungua kanga yangu ya begani, nikaufunga mkono wake pamoja na wangu.

"Huyu ndiye mateka wangu," nikasema. "Nashuka naye."

Waliendelea kucheka, mpaka walipomwona Shomari hacheki. Alitoa jogoo, nikasema jogoo wao ana kikohozi. Akaleta mbuzi, nikasema mbuzi hana sifa za kujiunga na chuo. Akanisogelea karibu, akashusha sauti. "Mama, tuache mchezo kidogo. Nimemzika kaka. Dada yangu miguu haimfikishi shambani tena. Vijana wote wameshuka mjini na Dar. Mkimchukua na huyu, mlima mnamwachia nani?" Niliona aibu, na majivu yangu usoni. Nilikuwa nimemjia nikidhani ni adui wa elimu, kumbe ni mtu aliyekuwa akihesabu waliobaki kwao. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida, "Sijui, mjomba. Ninachojua ni kwamba asiposhuka leo au kesho, basi tena. Hakuna siku nyingine."

Akamgeukia Mwanahawa. "Na wewe unasemaje?"

Mwanahawa aliinamisha macho, mkono ungali umefungwa na wangu. "Mjomba Kibwana ndiye aliyenipeleka kule. Naomba nimalize alichokianza. Nyumba sijaikimbia, mjomba. Naomba tu nisiilinde kwa kukaa mlangoni."

Kisha bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa akimenya viazi tangu nifike, akasema bila kuacha kumenya, "Mtani akiikataa fidia aachwe aende na alichoshika. Au leo mnataka tuvunje utani?" Shomari akapumua kwa nguvu. Akainama akaokota ungo wangu uliokuwa umeanguka, akanirudishia kichwani kwa kunigonga nao. "Mateka akichukuliwa," akatangaza kwa watu wote, "mwenyewe humfuata akaone anakofungwa. Na mimi nashuka."

Kwa hiyo Jumatatu kamati ilikuwa na mgeni ambaye haikumwalika. Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni ya dari na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kuzila. Shomari aliketi kwenye benchi la ukutani na kanzu yake ya arobaini, akachukua biskuti mbili. Mwenyekiti alikuwa mama mkali lakini wa haki, miwani yake ikining'inia kwa mnyororo. Alisoma kanuni polepole: ruhusa ya msiba hutolewa kwa kifo cha mzazi, mwenza au mtoto. "Mjomba hamo," akasema. "Nakupa pole, binti, lakini hamo." Yule mwalimu wa vitumbua, ambaye alikuwa mjumbe, akaandika kitu na kukipigia mstari. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu kuhusu mila na desturi. Nilipofungua mdomo, Mwanahawa akanitangulia, yule Mwanahawa wa neno moja moja.

"Naomba faili langu lifunguliwe penye fomu ya kujiunga."

Likafunguliwa.

"Palipoandikwa jina la mzazi, pana jina la nani?"

Mwenyekiti akavaa miwani. "Kibwana."

"Na dole gumba la kukubali kuwajibika kwa ajili yangu?"

"Lake."

"Baba yangu yupo, nampenda, na anajua kwamba dole lile halikuwa lake kulitia. Chuo kilipotaka mtu wa kuwajibika, kilimpokea mjomba wangu kuwa mzazi. Hakuna aliyeuliza. Sasa amekufa, mnasema hakuwa mzazi. Naomba nisaidiwe nielewe ni siku gani aliacha kuwa."

Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia msichana yule asubuhi ile, na mchango wangu kwa maneno yale ulikuwa sifuri. Feni ilizunguka. Mwenyekiti aliitazama fomu mbele na nyuma, akawatazama wajumbe, na hata mwalimu wa vitumbua hakupata cha kupigia mstari. Wakaamua afanye majaribio yake ndani ya wiki mbili na aingie kwenye mtihani na wenzake. Shomari alikuwa hajafuata lugha yote ya kikao; aliniuliza mlangoni kama mateka ameshinda au ameshindwa. Nilipomwambia ameshinda, alisimama kidogo, akalia waziwazi kama mtoto, kisha akaomba maji ya kunywa. Alisema biskuti zilikuwa kavu mno.

Nilidhani hapo ndipo pangekuwa mwisho. Mitihani ikafanyika, wanafunzi wakaenda likizo, na Mwanahawa akapanda kwao, kwa sababu ulikuwa msimu wa kumenya mdalasini na nyumba ya Kibwana ilihitaji mtu. Matokeo yalipobandikwa ubaoni niliyasoma kwa kidole, mara mbili. Alikuwa amefaulu yote isipokuwa moja. Somo la takwimu lilikuwa limemwangusha, na alitakiwa kukatiza likizo, ashuke, akae wiki tatu na kurudia mtihani. Nilikaa ofisini na ile harufu ya dawa ya mahindi, nimeishika simu. Safari hii sikuwa na msiba wa kuingilia wala ungo wa kujivika. Alikuwa kwao, mikononi mwa Shomari, wakati wa kazi nyingi kuliko zote, na nilitakiwa kumwambia mtu yule kwamba mpwa wake ameshindwa. Nilijua ni wangapi kwenye orodha yangu waliopotelea hapohapo, penye neno kama hilo: likifika nyumbani, mwanafunzi huambiwa, tulijua tu, basi kaa.

Nilimpigia Shomari tena na tena mpaka nikampata amepanda kwenye jiwe lao, pale pekee penye mtandao. Nikamwamkia, hata utani sikuufanya. "Mjomba, Mwanahawa amefaulu, ila ana sapu moja."

"Sapu ndiyo nini?"

"Somo moja limemshinda. Inabidi ashuke akalirudie. Wiki tatu."

Upepo ulivuma kwenye simu. Nilisikia panga likigonga mti mahali fulani karibu naye.

"Anashuka kesho," akasema Shomari.

Hapo ningenyamaza, lakini sikuzaliwa na kipaji hicho. "Na likimshinda tena?"

"Atalirudia tena. Sikiliza, Mnyamwezi. Hatukumtoa ili mturudishie."